Aliye Njiani Hana Povu Masikioni

Aliye njiani hana povu masikioni. Methali hii ilianza hivi; nami, mzee wenu niliyekula chumvi nyingi, niliyeyaona mema na mabaya ya ulimwengu, nawaomba mkae kitako na kufunga vinywa, kwa maana hekima ya wahenga haimwagwi ovyo. Nina umri wa miaka kumi na saba. Nipo kidato cha nne, na kwa hesabu za bweni letu huo ni uzee wa kutosha.

Waliokaa kitako walikuwa njuka watatu wa kidato cha kwanza, Jumapili asubuhi, nje ya mabafu. Mmoja wao, Ngwatu, alikuwa ametuzuilia foleni nzima. Kila tulipogonga mlango alijibu, "Natoka, natoka, nipo mlangoni!" na maji yakaendelea kumwagika. Ndipo nikampenyezea methali hiyo kwenye tundu la mlango. Akatoka upesi, taulo begani, akauliza, "Kaka, hiyo imetoka wapi? Mwalimu wa Kiswahili hajatufundisha."

"Yapo maneno mengi yanayokera duniani," nikaanza. "Kuna anayesema 'kwa kifupi' kisha akaanzia alipozaliwa. Kuna anayesema 'sina ubaya na mtu, lakini', ukajua hapo kuna mtu anachinjwa. Kuna 'tutaangalia', na maana yake ni kwamba hakuna atakayeangalia. Lakini mfalme wao wote ni 'nipo njiani'. Sikilizeni."

Zamani za kale, katika mji wa Muheza, aliishi kijana fundi seremala aitwaye Mbwana, aliyempenda Zubeda, binti wa Mzee Hozza. Zubeda naye alimpenda. Tatizo lilikuwa Mzee Hozza. Alikuwa amestaafu kazi ya stesheni ya treni, na jambo alilolichukia kuliko yote ni kuchelewa. Mkewe alipochelewa kuandaa chai, alisimama mlangoni akitazama saa kana kwamba anataka kupuliza filimbi.

Nyumba mbili zilituma salamu za kutaka kuposa. Mzee Hozza akajibu, "Zije siku moja, sitaki kupika mara mbili. Mshenga atakayetangulia kufungua shauri ndiye nitakayemsikiliza. Wa pili atakula, atashukuru, atarudi kwao. Na katika nyumba hii hakuna shauri linalofunguliwa kabla wageni hawajala."

Sasa mnajua desturi. Kijana hajiposei. Jamaa zake huenda, wakakaa mkekani na kujibu salamu, lakini neno la posa hawaligusi. Kinywa ni cha mshenga peke yake. Mshenga wa Mbwana alikuwa Mzee Kibwana, mtu mwenye ulimi mtamu ambaye angeweza kumposea chura kwa mfalme, wakakubaliwa. Kasoro yake ilikuwa moja. Ukimwuliza yuko wapi, yupo njiani. Awe kitandani, awe kinyozini, yupo njiani.

"Mzee Kibwana," Mbwana alimsihi, "ukichelewa kesho umenizika."

"Mwanangu, kesho wewe nihesabu nimeshafika."

Siku ya siku, shangazi yake Mbwana, Bi Mwanahamisi, na mjomba mmoja mpole aliyependa kusinzia, wakafika mapema kwa Mzee Hozza. Wakakaribishwa ukumbini. Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za machungwa. Mvua ikaisha, machungwa yakaisha, mshenga hajatokea. Bi Mwanahamisi akajikunyata pembeni, akapiga simu.

"Nipo njiani!" ikasema sauti ya Mzee Kibwana. Nyuma yake palisikika pwaa!

"Hayo maji ni ya nini?"

"Mvua, dada yangu. Huku njiani mvua kubwa."

Bi Mwanahamisi akatazama dirishani. Jua lilikuwa likiwaka, mbuzi wamelala kivulini wakihema.

Mzee Hozza akauliza, "Mwenzenu yuko wapi?"

"Yupo njiani, shemeji."

"Njia zipo nyingi, mama. Hata ya kwenda chooni ni njia."

Mara ya pili Mzee Kibwana alisema ameshafika kona. Hakusema kona ipi. Mara ya tatu alisema, "Nawaona kabisa!" Wakati huo huo, badala yake, likaingia gari la ujumbe wa pili. Mshenga wao, Bwana Mhando, alikuwa mtu nadhifu, kofia imekaa sawa, fimbo mkononi. Akaketi, akakohoa kikohozi cha mtu aliye tayari kusema.

Bi Mwanahamisi akaona ndoa ya mtoto wa kaka yake inapotea mbele ya macho yake, naye haruhusiwi hata kufungua mdomo. Akaomba ruhusa ya kwenda kusaidia jikoni.

Jikoni moto ulikuwa haujawashwa. Zubeda alikuwa amekaa juu ya kigoda, ungo mapajani, akichambua mchele mweupe usio na chembe ya uchafu. Akimaliza anaumwaga kwenye sinia, anaurudisha kwenye ungo, anaanza upya.

"Yuko wapi, shangazi?" akanong'ona.

"Anasema yupo njiani."

Zubeda akashusha pumzi. "Nilijua. Basi na chakula kipo jikoni."

Toka ukumbini Mzee Hozza akaita, "Zubeda! Chakula!"

"Kipo jikoni, baba!"

Bi Mwanahamisi alikuwa akilichukia neno hilo tangu utoto, maana alishawahi kungoja wali wa namna hiyo mpaka akalala na njaa. Siku hiyo nusura amkumbatie aliyelisema. Akakaa naye wakachambua pamoja.

Ndipo bodaboda ikalia uani.

"Kaka," Ngwatu akanikatiza, "zamani za kale walikuwa na bodaboda?"

"Wahenga walikuwa na kila kitu. Usinikate kalima."

Mzee Kibwana akaingia, kanzu imekosewa vifungo, kofia imeinama. "Hodi, hodi jamani! Mniwie radhi, mvua ya njiani ilinizuia!"

Mzee Hozza akasimama. Akamsogelea taratibu, akanyoosha kidole, akachota kitu cheupe kwenye sikio la mshenga. Akakinusa.

"Mvua ya kwenu," akasema, "inanukia mchaichai."

Hata mjomba aliamka. Mzee Kibwana, mwenye ulimi wa kuposea chura, akaanza kupanga upya vifungo vya kanzu.

"Stesheni tulikuwa na treni za kuchelewa," Mzee Hozza akaendelea, "lakini hakuna iliyodanganya kwamba imefika Muheza nayo ipo Korogwe. Bwana Mhando, fungua shauri lako."

Bwana Mhando akashika fimbo vizuri. "Ningefungua, mzee. Lakini umesema mwenyewe, hapa kwako hakuna shauri kabla ya kula. Sitaki kuanza ukwe kwa kuvunja sheria ya nyumba. Na kusema kweli, nina njaa."

"Zubeda! Chakula!"

"Kipo jikoni!"

Mzee Hozza akaenda jikoni mwenyewe. Alikuta mafiga ya baridi, jivu la jana, na wanawake wawili wameinamia ungo mmoja.

"Na kuku?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kuku alikuwa mlangoni, mzima, akidonoa punje zilizodondoka.

"Yupo njiani, baba," Zubeda akasema.

Baba na binti wakatazamana. Zubeda hakuinamisha macho. Bi Mwanahamisi alisema baadaye kwamba alisikia moyo wake mwenyewe ukigonga ungo. Kisha mabega ya Mzee Hozza yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka ambacho nyumba hiyo ilikuwa haijakisikia tangu alipostaafu.

"Ulikuwa unamngoja yule wa povu?"

"Namngoja aliyemtuma, baba. Huyo hajawahi kuchelewa."

Akarudi ukumbini akifuta machozi. "Mlango wa shauri ulifungwa na binti yangu, na kumbe ufunguo anao yeye. Kibwana, tutakula, kisha utaanza wewe. Lakini futa masikio kwanza, usije ukasema hukusikia jibu."

Bwana Mhando ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. "Afadhali, mzee! Kijana wangu nilipomwuliza kama kweli anaoa, alinijibu 'tutaangalia'."

Bi Mwanahamisi akatoka jikoni, akampa Mzee Kibwana ncha ya kanga yake ajifute. Hili halikuwa neno la posa, kwa hiyo aliruhusiwa kulisema, na alikuwa amelihifadhi tangu asubuhi. "Kaka Kibwana," akamwambia, "aliye njiani hana povu masikioni."

Watu wakairudia wakati wa kula, wakairudia siku ya kujibu posa, na tangu hapo mtu hawezi kusema "nipo njiani" Muheza nzima bila kuchunguzwa masikio.

Njuka wakacheka. Nikadhani nimemaliza. Ngwatu akakuna kichwa. "Kaka, harusi ilikuwa mwaka gani?"

"Zamani."

"Zamani ipi?"

Nikatazama juu. Nikatazama chini. Wote watatu walikuwa wamenikazia macho.

"Harusi bado," nikasema. "Ni mwezi ujao. Mbwana ni kaka yangu. Mhenga aliyeisema methali hii ni shangazi yangu, yu hai, na ana deni la kuniletea karanga siku ya wageni. Ilitokea likizo ya Desemba."

"Sasa kwa nini umesema ni ya wahenga?"

"Kwa sababu methali ya shangazi haimtoi mtu bafuni."

Ngwatu akafikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli. Kisha akauliza kama insha ya Kiswahili niliyotakiwa kuipeleka kwa mwalimu jana nimeshaipeleka. Nikamjibu ipo mwishoni kabisa, imebaki kunakiliwa tu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza upande, akachungulia ndani ya sikio langu.

Sijaanza hata kichwa cha habari. Nakiri. Aliye njiani hana povu masikioni.