Habari ya Mkono Uliounga

Mwalimu mmoja, jina lake Amsi, alikuwa na darasa la watoto waliokaa chini kwa kukosa madawati, tena alikuwa na hamu iliyomnyima raha: siku moja kijiji chake kisikike. Ng'ambo ya korongo wataalamu walikuwa wamezungushia uzio eneo lao, na kila walipofukua jino la mtu wa kale, redio ilitangaza. Upande huu hakuna aliyewahi kutangazwa kwa lolote. Basi Amsi akaamua kuwafundisha watoto habari za watu wa kale kwa njia ya gazeti. Aliandika ubaoni maswali ambayo mwandishi wa habari hana budi kuyajibu: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Kisha akawapeleka korongoni wakatafute habari yao wenyewe.

Wanasema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hawa hata hawakuwahi kuchoka. Mvua zilikuwa zimebomoa ukingo, na ndani ya tope lililokauka likawa gumu kama jiwe waliona mifupa ya mtu. Mfupa mmoja wa mkono ulikuwa umewahi kuvunjika ukaunga, umepinda kidogo tu. Mtu mwenye utulivu angewaita wataalamu kwanza. Amsi hakuita mtu. Alilia kwa furaha mbele ya wanafunzi wake, akawaambia kwamba mfupa hauungi hivyo kama mgonjwa hakutunzwa. Lazima alikuwako mwenzake aliyemfunga mabanzi, akamlisha, akamchotea maji mpaka akapona. Watoto wakaandika habari nzuri mno, na kichwa chake kilisema: "Watu wa Kale wa Korongo Letu Hawakumtupa Mgonjwa." Amsi akaituma kwenye gazeti la mjini siku ileile.

Siku ya wazazi kijiji kizima kilijaa uwanjani. Mifupa ilipangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Habari ikasomwa kwa sauti, watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mwenyekiti akaahidi kwamba sasa barabara itakuja. Ndipo akainuka mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, Mama Lohay, ambaye mwanawe alipotea mwaka wa ukame. Alitembea polepole hadi mezani, akauokota ule mfupa, akaupitishia kidole pale ulipopinda.

"Mwalimu," alisema, "mkono huu niliufunga mimi."

Wote walimjua mwanawe, Lohay. Alikuwa na kifafa. Utotoni alianguka akavunjika mkono, mama yake akamuuguza. Mwaka ule wa ukame, maji yalipobaki kwenye lambo moja tu, watu walisema mate yake yatawaambukiza wote, wakamfukuza kwa fimbo, naye akashuka korongoni na kiu yake. Mama yake alizunguka kila boma akiomba watu wa kumsaidia kutafuta. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wengine walimpa pole, wakarudi kwenye foleni ya maji. Amsi naye alikuwa kwenye foleni ile. Hakushika fimbo. Alishika ndoo yake, akanyamaza.

Mama Lohay aliifunga mifupa ndani ya khanga yake akaondoka nayo, na katika umati ule wote hakupatikana hata mmoja wa kwenda kumchimbia kaburi.

Kesho yake Amsi aliingia darasani, akawaambia watoto waandike habari upya. Nani, wakaandika. Wapi, wakaandika. Lini, wakakumbushana, wakaandika. Walipofika kwenye kwa nini, kalamu zilisimama, maana jibu lilikuwa baba zao na mama zao, na jibu jingine lilikuwa limesimama mbele yao na chaki mkononi. Amsi alingoja. Alitamani mtoto mmoja tu athubutu, aandike jina la mwalimu wake, ili angalau neno la kweli litoke katika chumba kile. Hakuna aliyethubutu, walikuwa watoto wenye adabu, na adabu hiyo aliwafundisha yeye. Alifuta ubao, na tangu siku ile hakufundisha tena habari za watu, wa kale wala wa sasa.

Baadaye gazeti likafika, na ile habari ya kwanza ilikuwa imechapwa pamoja na kichwa chake. Watu walilibandika ukutani dukani, na mgeni akipita wanamwonyesha kwa fahari jinsi wazee wao walivyokuwa na huruma. Amsi angeweza kulibandua. Alipita pale kila asubuhi, na hakulibandua, kwa kuwa hakuona tena kwamba kulibandua kungebadilisha kitu.

Wataalamu wangali wanafukua ng'ambo ya pili, wakitafuta ni lini kiumbe huyu alianza kuwa mtu. Nawauliza ninyi mlioketi hapa: upande huu wa korongo, siku hiyo ilikwisha kufika?