Jembe la Lushinge

Mfu haitiki, huitikiwa. Mmeusikia msemo huu leo makaburini, Mama Kulwa alipousema kwa ile sauti yake ndogo, na niliwaona mkitazamana. Tukiwa njiani kurudi mmoja wenu akaniuliza, "Babu, nani alianza kusema hivyo?" Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshika jembe la watu. Sasa mmeshakunja turubai na kuosha masufuria. Kaeni kwenye mabenchi hayo kabla mwenyewe hajayafuata, niwaeleze. Methali nyingi hazina baba wala mama, tumezikuta tu. Hii ina wenyewe, nami ni mmojawapo, ingawa si kwa sifa.

Chanzo chake ni hiki.

Zamani hapa Mwabasenga mashamba ya bondeni yalilimwa kwa kikundi. Udongo wa kule mnaujua, mzito na mweusi, ukilowa unakuvua kiatu, ukikauka unavunja mpini. Mtu mmoja hauwezi. Basi kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja, na alfajiri kiongozi wa kikundi alisimama kwenye kichwa cha shamba akaita majina. Kila aliyeitika alipewa tuta lake. Kama mtu anaumwa au amesafiri, mwenzake alimwitikia: "Yupo." Hilo halikuwa neno la bure. Ukishasema yupo, unakwenda nyumbani kwake, unachukua jembe lake, na siku hiyo unalima matuta mawili, lako na lake. Jina lisipoitikiwa na mtu, nyumba hiyo inarukwa, na kikundi hakikanyagi shamba lake msimu ule.

Tulikua na desturi hiyo kama mlivyokua ninyi na simu. Hakuna aliyetufundisha, tuliikuta.

Ikaja vita ya Kagera. Kijiji hiki kilitoa mgambo saba. Kiongozi wetu wa mgambo alikuwa Nkwabi, huyu tuliyemzika leo, ambaye huko vitani alipata cheo cha sajini na jina hilo likamganda mpaka kaburini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Lushinge, mmoja wa wale saba, alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne au mitano, ana mke, Minza, aliyemwacha na mimba. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Tulipopewa buti, zake zilimbana, akasema serikali imempimia miguu ya shemeji yake.

Na huko jeshini kila asubuhi tuliitwa majina. Sisi tukacheka, tukaona kumbe jeshi nalo ni kikundi cha kulima.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito wangu. Tulikuwa tumeshavuka mto, tuko ng'ambo, na asubuhi moja ilikuwa zamu yangu kupika uji wa kikosi chetu. Usiku kucha homa ilinitikisa. Jina langu lilipoitwa nililisikia, lakini sikuweza kunyanyua hata kichwa. Nikamsikia Lushinge akijibu, "Yupo, afande." Akaja akachukua mwiko kwenye mzigo wangu, akanifunika koti lake, akaniambia, "Lala, mvivu. Leo nitakupikia uji wenye madonge." Akaenda jikoni. Bomu liliangukia pale pale jikoni kabla uji haujachemka.

Tulimzika huko huko. Sajini Nkwabi aliandika jina lake kwenye ubao wa sanduku la risasi, tukaupigilia kwenye nguzo. Mpaka leo sijui kama ubao ule ulimaliza hata masika moja.

Oktoba tulirudi sita. Lori lilitushusha pale ilipo zahanati, kijiji kizima kimejaa barabarani, vigelegele mpaka nikaona haya. Minza alikuwa amesimama na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alizaa mapacha. Sajini alimwendea, akamweleza kwamba mumewe amekufa kishujaa. Mimi nilizunguka nyuma ya zizi la mzee Mashimba, nikaenda nyumbani kwa njia ya mbali ili nisipite mbele yake. Sajini pekee ndiye aliyejua zamu ile ilikuwa ya nani, maana ndiye aliyezipanga, naye hakusema.

Mvua za kwanza zikaja, kikundi kikakusanyika bondeni. Kiongozi akaita majina, akafika: "Lushinge." Wanaume zaidi ya thelathini tulikuwa tumesimama pale, kila mmoja anatazama udongo. Kila mtu alikuwa na lake. Huyu paa la nyumba limeanguka, yule ana mama mgonjwa. Mimi nilijiambia kwamba mwingine ataitika, mtu wa ukoo wake pengine. Hakuna aliyeitika. Shamba la Lushinge likarukwa, na msimu uliofuata kiongozi hakulisoma tena jina lile.

Lakini kumbukumbu tuliifanya, tena kubwa. Tulikubaliana kwamba kila mwaka, siku ile tuliyoshushwa na lori, tutawakumbuka mashujaa. Tulivaa kombati, tukang'arisha buti kwa masizi na mafuta, tukapanga mstari mbele ya ofisi ya kijiji. Katikati ya mstari tuliacha nafasi ya mtu mmoja. Sajini aliita majina, kila mtu akajibu, "Nipo, afande." Akifika kwa Lushinge, sote tuliitika kwa pamoja, kwa sauti ya kutikisa bati: "Yupo!" Wanawake walilia. Wazee walitushika mikono. Kisha watu walikula pilau, na mimi nilikuwa nakula kuliko wengine.

Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo. Wa pili hivyo hivyo. Wajukuu zangu, shambani tulinyamaza na gwarideni tukaitika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba lilikuwa jina lile lile. Tulidhani mambo ya kambini ni ya kambini na ya bondeni ni ya bondeni.

Minza, ambaye sasa watu walimwita Mama Kulwa, alikuwa akichimba kule bondeni peke yake, watoto wamelala kwenye kanga pembeni. Alipata kijipande cha kupanda karanga. Kwingine kote kulikuwa majani matupu, yanafika kiunoni. Na sheria ya kijiji ilikuwa wazi: shamba lisilolimwa misimu mitatu linarudi kijijini, linagawiwa mwingine. Mwaka wa tatu mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba baada ya siku ya mashujaa atagawa mashamba yaliyotelekezwa, na la Lushinge lilikuwamo. Mama yule hakuwa na shamba jingine. Likiondoka lile, ingembidi arudi kwao na watoto, na jina la mumewe lingebaki hapa kwenye midomo yetu tu, mara moja kwa mwaka.

Siku ikafika. Mwaka huo alikuja hata mgeni rasmi kutoka wilayani, na hotuba yake ameikunja mfukoni. Tukapanga mstari, nafasi ya Lushinge katikati, mimi mkono wake wa kulia. Sajini akaita majina. Akafika: "Lushinge." Tukaitika: "Yupo!"

Kabla vumbi la buti halijatua, tukamwona Mama Kulwa anatoka kwenye kundi la wanawake. Hakulia. Alikuwa na jembe begani. Alikuja taratibu mpaka kwenye ile nafasi, akasimama mbele yake, akaliteremsha jembe.

"Sajini, niwie radhi kuingia kwenye mstari wenu," alisema. "Nimesikia mume wangu yupo."

Sajini alilitazama lile jembe.

"Mwaka juzi mlisema yupo. Mwaka jana mkasema yupo. Leo tena nimewasikia kwa masikio yangu. Basi nimemletea jembe lake. Nani alipokee?"

Mwenyekiti akasogea, akamwambia kwa upole, "Mama Kulwa, shughuli haijaisha. Hilo la shamba tutaliongea ofisini."

"Sijaja kwako, mwenyekiti. Wewe hukuitika. Nimekuja kwa walioitika."

Pale ndipo niliposikia baridi mwilini, na jua lilikuwa la saa sita. Mwanamke yule hakuwa amemtukana mtu. Alitukumbusha tu kitu tulichokijua tangu tuko watoto, kwamba katika kijiji hiki ukimwitikia mtu unachukua jembe lake. Tulikuwa tumemwitikia miaka mitatu, na jembe lake lilikuwa likishika kutu nyuma ya mlango.

Hakuna aliyesogea. Sajini akanigeukia mimi, akaita kwa sauti ya gwaride, "Kashinje!"

"Nipo, afande."

"Asubuhi ile zamu ya kupika ilikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nilimtazama Mama Kulwa, nikaona kwamba amesimama karibu na mimi kuliko na mwingine yeyote.

"Yangu, afande."

"Jina lako lilipoitwa, nani aliitika?"

"Lushinge, afande. Mimi nilikuwa naumwa. Aliitika yeye, akachukua mwiko wangu, akaenda."

Watu wote walisikia. Mama yangu mzazi alikuwa pale, akajifunika uso kwa kitenge. Sajini akashusha sauti, akasema, "Basi pokea."

Nikatoka kwenye mstari. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikamwambia, "Shemeji, nilishindwa kukutazama usoni. Nisamehe."

Akasema, "Nilijua tangu siku ya lori. Uliponiona ukazunguka nyuma ya zizi. Mtu hakwepi mlango wa mwenzake bure." Halafu akanipa jembe. "Mwenzako amekufa, Kashinje. Mfu haitiki. Huitikiwa. Na wewe unajua kuitikiwa kukoje, kwa sababu yeye alikuitikia."

Hayo ndiyo maneno yenyewe, wajukuu zangu. Hakuyapamba, wala hakuyasema ili yawe methali. Aliyasema kwa sababu mvua zilikuwa karibu.

Nilishika mpini ule. Mahali pa mkono wake palikuwa pamelainika, na vidole vyangu vikakaa hapo hapo. Nikageuka kuelekea bondeni na kombati zangu na buti zangu. Nyuma yangu nikamsikia Sajini akitoa amri, mguu sawa, geuka, mbele tembea, kana kwamba bado tuko kambini. Wenzangu wakapita majumbani mwao kuchukua majembe, wakanifuata. Kikundi cha kulima nacho kikaja, mmoja mmoja, kwa haya. Pilau lilipoa. Mgeni rasmi alibaki na hotuba yake, na nasikia hakuisoma. Baadaye tulimwona ukingoni mwa shamba, amekunja suruali, anabeba majani yaliyofyekwa.

Tulianza kufyeka na kulima saa saba, tukaacha jua linazama, na kesho yake tukarudi. Sajini aliita majina kwenye kichwa cha shamba. Alipofika kwa Lushinge niliitika peke yangu, bila kupiga kelele, nikashika matuta mawili. Mwenyekiti alikuja na daftari lake, akatukuta tunalima, akalifunga, akaondoka. Shamba halikugawiwa.

Nililima matuta mawili kwa misimu kumi na sita. Sijisifu. Kila nilipoinama kwenye tuta la Lushinge nilikuwa najua kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kuwa chini ya udongo, na yeye ndiye wa kuinama. Asubuhi moja Kulwa na Doto, wamekuwa vijana warefu, walinikuta bondeni nimewahi kabla yao. Kulwa akanyoosha mkono, akasema, "Baba mdogo, sasa tupe jembe la baba." Nikampa. Nilikaa ukingoni nikalia kama mtoto, nao wakalima wakijifanya hawanioni. Ni vijana wenye adabu wale.

Tangu hapo kila alipofariki mmoja wetu sita, aliyebaki aliitika na jembe likatoka nyuma ya mlango. Mwingine hakuacha shamba, aliacha mama kipofu wa kuchotewa maji. Mwingine aliacha kesi ya mipaka. Hayo nayo ni matuta. Leo pale makaburini niliita majina yote saba, na kwa kuwa nimebaki peke yangu hapakuwa na mwingine wa kuitika, nikaita na kuitika mwenyewe. Ninyi mkadhani uzee umenichanganya. Mama Kulwa hakudhani hivyo, ndiyo maana alisema alilosema.

Mmeniona pia nikimwendea mjane wa Sajini. Watoto wake walitaka kunipa kofia ya baba yao, ile ya gwaride, niiweke ukumbusho. Nikasema ahsanteni, kofia kaeni nayo. Nikaomba jembe. Hili hapa. Shamba lake la bondeni halijaguswa, na mawingu mnayaona.

Kesho alfajiri msiniulize ninakwenda wapi na mgongo huu. Na siku jina langu litakapoitwa, hata mkilia, hata mkipiga mizinga, mimi sitasikia. Jembe langu linakaa nyuma ya mlango wa jiko. Mfu haitiki, huitikiwa.