Duara Jekundu la Tusajigwe

Ufutio haufuti chuma. Methali hii mmeisikia leo kwa mkubwa mmoja jukwaani, mkampigia makofi, kisha mkaja kuuliza imetoka wapi. Kaeni, wanangu. Yule hakuitunga, na walioitunga hawajawahi kupandishwa jukwaani. Ilizaliwa namna hii.

Huko nyanda za juu, upande wa Mbeya, palikuwa na karakana iliyounda madaraja madogo ya vyuma, yale ya waenda kwa miguu. Ghorofani kwake kulikuwa na ofisi ya michoro, na humo alifanya kazi Tusajigwe, mkaguzi. Utaratibu wao ulikuwa huu: aliyechora hakagui alichochora. Humpa Tusajigwe, naye hupita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Akikuta kosa, hulizungushia duara na kuurudisha mchoro. Asipolikuta, hutia saini, na hapo ndipo mchoro hushuka kwa mafundi.

Alikuwa mkali. Wachoraji walimtania, "Leo umechinja wangapi, dada?" Naye hujibu, "Leteni wengine, kisu bado kina makali."

Basi mchoraji mmoja, Anyandwile, akafiwa na mkewe. Ofisi nzima ilikwenda kuzika. Aliporudi kazini, macho yamemvimba, alikabidhiwa daraja la kijiji ambacho watoto wake walivuka mto wakishikana mikono. Akachora. Akauweka mchoro mezani kwa Tusajigwe.

Tusajigwe akashika kalamu nyekundu. Akamtazama mwenzake, kaegemeza kichwa dirishani. Moyo ukamwambia: huyu katoka kumfukia mkewe, nawe unataka kumwaga wekundu kwenye karatasi yake? Kwao mfiwa hutuliwa mzigo, haongezewi. Akairudisha kalamu kikombeni. Akatia saini, na mchoro ukashuka.

Mafundi wakakata, wakachomelea. Siku ya kuliunganisha daraja uani, pande zake mbili zikakataa kuoana. Zilitakiwa ziwe kama kiatu cha kushoto na cha kulia, vikono vya kubebea mbao vikitazamana. Lakini zote zilikuwa za kushoto. Wala kugeuza hakukufaa, maana ukingo mmoja wa mto ulikuwa juu kuliko wa pili.

Meneja, Bwana Ndelwa, akamshukia Asajile, kiongozi wa mafundi.

"Mmemshonea mtu viatu viwili vya mguu mmoja! Hamsomi?"

"Tumesoma, bwana. Mchoro unaonyesha upande mmoja, chini umeandikwa 'fanya mbili'. Tumefanya mbili."

"Fundi mwenye akili angejua wa pili ni kinyume!"

"Tukitumia akili, mnasema tumekiuka mchoro. Tukifuata mchoro, mnasema hatuna akili. Tushike lipi?"

"Ushike njia. Wewe na wenzako mlioliunda, jioni nisiwaone hapa."

Mnaona? Chuma kikienda kombo, wa kwanza kufukuzwa ni aliyekishika kwa mkono. Ndivyo ilivyokuwa, na sijaona ilipobadilika.

Tusajigwe aliyasikia yote akiwa kwenye ngazi. Bwana Ndelwa akampandia, akamsogezea ule mchoro, akashusha sauti.

"Futa hayo maneno 'fanya mbili'. Andika 'wa pili uwe kinyume', ionekane yalikuwepo tangu mwanzo. Utakuwa umepona, na Anyandwile kapona. Mtu ana msiba, au huna huruma?"

Neno hilo la huruma ndilo lililomchoma. Akautwaa ufutio, akaushika juu ya karatasi. Kupitia dirishani aliwaona mafundi wakivua aproni. Vile vyuma vilikuwa vimesimama uani kama mashahidi walioapa.

"Bwana Ndelwa," akasema, "karatasi nitaifuta. Vile vya uani nivifute na nini?"

Akashuka na ufutio mkononi hadi mbele ya Asajile, watu wote wakisikia.

"Kaka, saini ni yangu. Sikukagua. Naambiwa nifute ili wewe uondoke."

Asajile aliutazama ule ufutio, akagonga upande wa daraja kwa nyundo. Mlio ukaenea uani kote.

"Ufutio haufuti chuma, dada."

Hakuna aliyeondoka. Mafundi wakakaa juu ya vile vyuma, mashine zikanyamaza, wakamwambia meneja wazi: Asajile na wenzake wakitoka, karakana nzima tunatoka. Bwana Ndelwa akazunguka, akafoka, akaona hana wa kumkatia hata msumari. Akameza maneno yake. Upande mmoja ukakatwakatwa na kuundwa upya.

Anyandwile ndiye aliyekuwa wa mwisho kumfikia Tusajigwe.

"Ulinionea huruma?"

"Nilikuonea, kaka. Nisamehe."

"Ungenirudishia, dada yangu. Ningelia, lakini ningerekebisha huku nalia. Machozi hayazuii kalamu. Sasa nusura wenzangu walale njaa kwa msiba wangu."

Akachukua karatasi nyingine aliyokuwa kaichora asubuhi hiyo, akaitandaza mbele yake, na kumtilia kalamu nyekundu mkononi.

"Haya, dada. Chinja."

Tusajigwe akainama, akaanza na mstari wa kwanza. Alipofika katikati akazungusha duara, na Anyandwile, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka.

Kwa hiyo mkimpenda mtu, mwonyesheni kosa lake lingali karatasini, hata kama ana machozi. Ufutio haufuti chuma.