Sauti Iliyosoma Tanzia

Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa redio, wapendwa, ambaye wilaya nzima ilimwamini. Yeye ndiye aliyesoma tanzia. Na alikuwa na desturi: hasomi jina la marehemu mpaka ampigie simu mwenyekiti wa kitongoji, amuulize, "Mmemwona kwa macho?"

Basi ikaletwa akili mnemba pale redioni, ile mitambo inayoandika habari yenyewe. Wenzake wakagawanyika: huyu anasema itatunyang'anya tonge, yule anasema itatupumzisha. Yeye aliichukia kwelikweli. Lakini mazoea yana taabu. Ikaandika bei ya mahindi, sawa. Ikaandika mpira, sawa. Akaizoea, na simu zake za kuuliza zikapungua, mwisho zikakoma.

Siku moja basi likapinduka. Mashine ikazoa maneno ya watu mitandaoni, ikatoa habari iliyonyooka, na majina ya waliokufa. Mhariri akamhimiza, "Soma, bwana, wenzetu watatutangulia!" Moyo ukamwambia apige simu kwanza. Akaunyamazisha. Akasoma kwa ile sauti yake ya msibani.

Kesho yake akaingia kijana, viatu vimejaa udongo.

"Mimi ndiye uliyesema nimekufa. Hilo basi sikulipanda."

Mtangazaji akashusha pumzi. Loo, mtu yu hai! "Pole sana, ndugu yangu. Ile ni mashine iliyoandika, si mimi. Tutasahihisha leo hii."

"Sahihisheni," kijana akasema. "Majirani walimwambia mama asubiri, huenda ni uvumi. Akawajibu, 'Huyu hasomi mpaka ameuliza.' Akaanguka palepale. Natoka kumzika."

Haya, niambieni, mama yule aliponzwa na nani? Na mashine? Mashine hata hakuijua! Alimwamini mtu, na mtu yule alikuwa ameacha kuuliza.

Msiwacheke waandishi wa habari. Sisi je? Tunaposukuma habari kwenye makundi ya simu na kuandika juu yake "nimetumiwa kama ilivyo," tunadhani tumejitoa lawamani? Inauma kusema, lakini humu ndani wamo waliomliza mtu kwa kidole tu. Anayeipokea haulizi nani aliiandika. Anaona jina lako, anasema, huyu namjua, hawezi kunidanganya.

Redio ilisahihisha jioni ile ile, wapendwa, tena mara mbili. Nyumbani kwa kijana yule hakukuwa na mtu wa kuiwasha.