Digidigi Aliyeapa Kuhama Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama waliofungwa matano bila! Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na digidigi wawili, mume na mke. Mume Makame, mke Kidawa. Digidigi mnawajua, huishi wawiliwawili mpaka kufa. Ila hawa, jamani, mume shabiki wa Vumbi, mke shabiki wa Matope!

Vumbi ni timu ya mbugani. Matope ni timu ya mtoni. Watani wa tangu na tangu.

Ligi ikaanza. Mechi ya kwanza, Vumbi wakashinda. Mechi ya pili, wakashinda. Pundamilia pembeni, parapara, parapara! Nyati akipiga shuti, puu! Wavu unalia. Matope je? Sare moja, kipigo kimoja. Kipa wao Kiboko alijaza goli zima, lakini alisinzia. Na Matawi, timu ya nyani? Chenga tamu, sarakasi tele, mabao hakuna.

Makame kichwa kikavimba. Mechi mbili tu, keshaliona kombe! Akapanda juu ya kichuguu.

"Sikieni! Ubingwa wetu! Matope wakitufunga Jumamosi, mimi nahama nyumba!"

Na kule kwao, neno lililosemwa juu ya kichuguu halirudi. Aliyeapa hutimiza, na wote huja kutazama.

"Baba, mechi mbili tu hizo," akasema Kidawa. "Na nyumba ni yetu sote."

"Unaogopa, mama Matope!"

 Kidawa akaendelea kula majani yake.

Jumamosi ikafika. Sijui Kiboko walimpa nini, siku hiyo macho makavu! Nyati akipiga, Kiboko paa! Akipiga tena, paa! Dakika ya mwisho Fisi-maji wa Matope akateleza, shwaaa, bao. Moja bila. Kwisha.

 Makame hakulilia Vumbi. Alijiuliza, atalala wapi bila Kidawa? Tangu ujana wao, mmoja akila, mwenzake huangalia chui.

Wakaja. Ngedere, Nguchiro, Ngiri mkia juu. "Hama! Hama! Hama!" Na Kanga ndiye aliyezidi kelele, shabiki wa Vumbi yule, kabadili jezi njiani!

Makame akatoka kichakani kwao, kichwa chini. Hatua moja. Hatua ya pili. Akasikia nyuma yake, tip, tip, tip. Kidawa.

"Waenda wapi?" akauliza Makame.

"Nahama."

"Niliyeapa ni mimi."

"Nimeolewa na wewe, Makame. Sikuolewa na kichaka."

 Ngiri mkia ukashuka. "Lakini Bi Kidawa, si mmeshinda? Mcheke basi!"

"Nitamcheka mpaka akome. Ila huyu ni wa kuchekwa na mimi. Nyie nendeni mkacheke wenu."

Wakahamia kichaka cha jirani, hatua ishirini tu. Kicheko cha Kidawa kikasikika, kwi kwi kwi! Mara na cha Makame.

Na kombe? Msiniulize, ndiyo kwanza mechi ya tatu!

Basi wanangu, timu pendeni, tanianeni, lakini msiapie kitu ambacho hamwezi kuishi bila kuwa nacho. Hadithi yangu imeishia hapo, na yule anayeinama kwa haya pale nyuma, mimi sikumtaja jina.