Kifuniko cha Taa ya Bi Zeyana

Mafundi wa majivuno, hutweza wenzi wa kwao;
Hukenua yao meno, wasione ila zao.

Nyamazeni niseme. Anayetaka hadithi ya kumbembeleza alale, na amfuate bibi yake. Hii ni ya walio macho, kwa sababu mwisho wake sitauamua mimi.

Palikuwa na mafundi watatu katika mji mmoja wa pwani, mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, na kila fundi alikuwa na kipawa chake.

Somoe alisuka ukindu. Alisuka mikeka na vipepeo vya kujipepea, lakini kilichompa jina ni makawa, vile vifuniko vilivyochongoka ambavyo huwekwa juu ya sinia la wali kabla wageni hawajanawa mikono. Kawa la Somoe lilikazwa hata nzi akilizunguka mchana kutwa hakupata pa kutia mguu.

Famau alifua shaba. Alifua masinia, mabirika na vyetezo vya kufukizia udi, na nyundo yake haikuacha kovu. Kwake yeye, chombo kisichomlemea mbebaji hakikustahili kuitwa chombo.

Badi, waliyemwita Maalim kwa kuwa zamani alisomesha watoto katika chuo cha Kurani, alishona kofia. Alitoboa nguo nyeupe vitundu vidogo kama punje za ufuta, akakizungushia kila kitundu uzi, hata kofia ikiinuliwa juani ilichuja mwanga kama chujio lichujavyo tui.

Kipawa cha nne walikuwa nacho wote kwa pamoja, nacho ni dharau. Famau alisema kazi ya Somoe mbuzi akiiona huila. Badi alisema mmoja wa wenzake ananuka moshi na mwingine ananuka majani mabichi, naye hajui aanze kumkimbia yupi. Somoe, ambaye hadithi hii inamfuata, aliwaita mgonga makopo na bwana sindano, na aliwaita hivyo hadharani, wakiwapo.

Katika mji huo aliishi mjane, Bi Zeyana, mwenye nyumba ya ghorofa na ulimi usiohitaji kunolewa. Sebule yake ilikuwa na dari refu la boriti, na katikati ya dari ilining'inia taa. Taa yenyewe ilikuwa glopu tupu mwishoni mwa waya, likiwatumbulia wageni jicho kama la samaki aliyechemshwa. Basi Bi Zeyana akawaita mafundi watatu.

"Taa iliyo uchi haifai kukaa mbele ya wageni," akasema. "Nataka kifuniko. Kiipambe sebule, kipunguze ukali wa mwanga, kisiniletee kiza. Atakayekifanya nitampa chumba cha chini chenye mlango wa barazani, akitumie kwa kazi yake maisha yake yote."

"Na tukikifanya wawili?" akauliza Badi.

"Chumba ni cha mtu mmoja, Maalim. Nyundo na sindano hazikai pamoja, na ukindu uliolowekwa haukai na yeyote."

Kila mmoja alikitamani chumba kile, na kila mmoja alikuwa na haja ya kweli. Famau alikuwa amefukuzwa mitaa miwili kwa kelele za nyundo, na kuta za Bi Zeyana zilikuwa nene kiasi cha kuimeza sauti yoyote. Badi macho yalikuwa yanamwacha, na dirisha la chumba kile lilitazama kaskazini, mwanga wake ukiwa mtulivu kutwa. Somoe alisukia ukumbini kwa kaka yake, na masika yalikuwa yamebisha hodi. Wifi yake alikuwa amekwisha kusema, kwa ule upole ambao ni mbaya kuliko matusi: "Wifi, majani yako yameota ukungu, na ukungu unawapanda watoto kifuani. Mvua zikishika, yatoke." Msukaji asiye na mahali pakavu pa kuanika ukindu si msukaji tena. Somoe alilijua hilo.

Wakaenda makwao, wakafanya kazi, wakarudi alasiri moja. Bi Zeyana akafunga madirisha ya sebule ili aione taa.

Somoe alitangulia. Kifuniko chake kilikuwa cha ukindu mwekundu na mweusi, kimechongoka juu, kimetanda chini, na hakikuwa na upenyo hata mmoja. Taa ikawashwa. Sebule ikaingia kiza, isipokuwa duara moja la mwanga sakafuni, kubwa kama sinia.

"Bi Somoe," akasema Bi Zeyana, "hapo juu umefunika wali wa nani?"

"Kazi imekazwa, bibi."

"Naiona. Hata mwanga umekosa ruhusa ya kutoka."

Famau akafuata. Kifuniko chake kilikuwa cha shaba, kimetobolewa nyota, kimesuguliwa mpaka mtu angeweza kujinyolea mbele yake. Watu wawili walikipandisha. Kilipoachwa, boriti ikaguna, na chokaa ya darini ikammwagikia Bi Zeyana begani.

Akaipangusa. "Fundi Famau, hiki ni chetezo, na tena ni cha kumfukizia jini. Kishushe kabla dari halijashuka lenyewe."

Badi akaja wa mwisho, na nguo yake nyeupe mikononi kama mtu aliyebeba maziwa. Taa ilipowashwa, vitundu vyote vikajaa mwanga, na Somoe akasahau kupumua. Alipokumbuka kupumua, akakumbuka pia kubetua mdomo. Haukupita muda nguo ikalegea, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kuishika. Ikaliangukia glopu, na harufu ya kuungua ikaenea.

"Kofia naiona, Maalim," akasema Bi Zeyana. "Kichwa kiko wapi?"

Kisha akawageukia wote. "Niliagiza kitu kimoja nikaletewa kawa, chetezo na kofia. Kila mmoja wenu amefanya kile ambacho mikono yake imezoea, akadhani nitakiita kifuniko cha taa kwa sababu kimetundikwa. Vichukueni, mniachie hewa."

Watatu wakajikuta barazani, kila mmoja amekumbatia aibu yake. Wingu la kusi lilikuwa limekwisha kuinama juu ya mapaa. Somoe akalitazama, akamfikiria wifi yake, na akaona kwamba kiburi hakiezeki paa.

"Maalim," akasema pasipo kumtazama, "nguo yako inakosa mifupa."

"Mifupa unayo wewe?"

"Mimi sina." Akamnyooshea Famau mdomo. "Yule anayo, ila ameigeuza jiwe la kaburi."

"Nikiifua nyembamba," akasema Famau, "watu watasema nimepunja shaba."

"Watu hawasemi habari zako, Fundi. Usijipe hofu."

Hivyo ndivyo walivyopatana, ikiwa hayo ni mapatano. Walikutana katika kibanda cha Famau, wakakaa kila mtu na pembe yake.

Famau aliifua shaba mpaka ikawa vijiti vyembamba kama miiba ya nungu. Alifanya pete mbili, ndogo ya juu na kubwa ya chini, akaziunganisha kwa mbavu. Umbo alilitoa katika kawa la Somoe, ingawa angemeza msumari kabla ya kulikiri. Ilimuuma kufua kitu ambacho mtoto angekiinua kwa kidole. Maisha yake yote alikuwa ameihesabu kazi ya namna hiyo kuwa ya wababaishaji.

Badi aliifumua nguo yake, mshono baada ya mshono, akaikata upya kufuata mbavu za shaba. Karibu na pete ya juu alitia vitundu vidogo. Kadiri alivyoshuka akavikuza, ili mwanga uwe haba juu na mwingi kule wanakokaa watu. Ilimuuma kutoboa vitundu vikubwa, kwa maana mshona kofia anayekuza kitundu huambiwa ameshindwa kukiona kidogo. Na kweli, macho yake yalikuwa yameanza kuwapa wasemaji hoja.

Lakini nguo ilipokutana na shaba, haikudumu. Ukingo wa pete ulikata uzi, na kutu ya kijani ikaula weupe wa nguo. Wanaume wawili wakasimama wakiitazama kama watu waliofiwa na mnyama.

Somoe akaiacha kwanza iwatie haya. Kisha akasuka ukili, utepe mwembamba wa ukindu wenye upana wa kidole, mwekundu na mweusi, akauviringisha juu ya pete na mbavu zote. Alilazimika kuulegeza, kwa sababu ukili uliokazwa haukubali kupinda kwenye kijiti chembamba. Ilimuuma, kwani mama yake angemrushia kazi ile usoni. Nguo ikashonewa kwenye ukili, ukili ukaishika shaba, na tangu hapo uzi haukukatika wala kutu haikupenya.

Wakakipeleka. Bi Zeyana akafunga madirisha, akawasha taa. Mwanga ukashuka taratibu, ukaeneza kutani maua madogo yaliyokua kadiri yalivyokaribia sakafu, na mstari mwekundu ukaizunguka sebule yote kama pindo la leso. Bi Zeyana akavuta kiti akaketi chini yake, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

"Nani amekifanya?" akauliza baadaye.

"Mimi," wakajibu watatu kwa pamoja.

"Bila mifupa yangu kingekuwa tambara," akasema Famau.

"Bila nguo yangu kingekuwa tundu la kuku," akasema Badi.

"Na bila ukili wangu," akasema Somoe, "mngekuwa bado mmesimama kibandani mkiomboleza."

"Mmesema kweli nyote, na ndiyo maana mnachosha," akasema Bi Zeyana. "Neno langu halibadiliki: chumba ni cha mtu mmoja. Mimi sitachagua, nisije nikasutwa. Kila mmoja na anitajie anayestahili, mbali na nafsi yake. Atakayetajwa na wenzake ndiye."

Famau alitazama mikono yake. Badi alitazama kutani, akiyafinya macho ili ayaone yale maua aliyoyatoboa mwenyewe. Somoe akamwona akiyafinya. Jina la Badi likamfika ulimini, akafungua kinywa. Hapo akaisikia mvua ikianza kugonga mapaa, akausikia upole wa wifi yake, akakifunga.

Hakuna jina lililotajwa.

"Vyema," akasema Bi Zeyana, akilitazama pambo lake jipya. "Mmenifanyia taa nzuri ya kuzionea nyuso zenu. Chumba kitakaa kimefungwa mpaka apatikane mtu wa kuamua, na sidhani kama atatoka miongoni mwenu."

Basi shauri hili nimewaleteeni nyinyi. Mmoja alitoa mifupa, mmoja akatoa mwanga, mmoja akayafunga mawili yakawa kitu. Kila mmoja alivunja sharti la ufundi wake, na hakuna aliyeweza kuondolewa kifuniko kikabaki kifuniko. Wewe uliyejikunyata pembeni, na wewe unayetabasamu kana kwamba jibu unalo: chumba ungempa nani? Au ungewanyima wote kwa ule ukimya wao? Semeni, lakini msiniletee jibu la kuwagawia vipande, chumba hakigawiki.

Mkiwa mnabishana, jueni hali ilivyo. Famau amekwenda zake na nyundo yake. Badi ameshikwa mkono na jirani, amerudi kwake. Mlangoni pa chumba, na mzigo wa ukindu kichwani na mvua ikinyesha, aliyebaki amesimama ni Somoe.