Ndoo ya Shubiri

Bwana Shekue alinunua dume la ng'ombe, akataka anenepe upesi kabla ya harusi ya bintiye. Mganga wa mifugo akaagiza kijiko kimoja cha maji ya shubiri kwa siku, kumsafisha tumbo.

“Kijiko? Mpe ndoo nzima!” Shekue alimfokea Mwanakheri, mlishaji wake. “Na akifa, unahama hapa.”

“Nimesikia, bwana.”

Alasiri, baraza ikiwa imejaa wageni, Mwanakheri akaleta ndoo, akapiga goti.

“Bwana, dume ni mgeni, kaja juzi. Mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje, atoe uchawi.”

Wageni wote wakamtazama Shekue. Akaona haya, akapiga mafunda matatu.

Magharibi ilimkuta bado yuko chooni.

“Mwanakheri! Dume mpe kijiko tu!”

“Alishakunywa chake asubuhi, bwana. Ndoo ilikuwa yako.”